Yasiyoingia Kwenye Muhtasari

Kikao kilifunguliwa saa tatu na dakika arobaini;
kwenye karatasi, saa tatu kamili.
Ukumbi ni ule wa Raskazone, zamani ofisi ya mkonge.
Mizani ya kupimia marobota ingali pembeni,
hajatokea mwenye kuthubutu kuitoa.
Mimi ndiye mwandishi. Siulizi, siulizwi.
Naandika.

Ajenda ya kwanza: nafasi moja, mhadhiri wa sheria ya jinai.
Ajenda ya pili: barua kutoka juu, kwamba watafutwe
"wasomi wenyeji, wenye mizizi katika jamii husika."
Profesa Mushumbusi aliisoma mara mbili,
akaikunja, akaiwekea kikombe juu.

Wa kwanza alikuja na tai, wa pili na mkoba wa Uholanzi.
Wa tatu, Dokta Mwanatumu Nyiro, mtu wa Moa,
alikuja na vumbi la Mkinga kwenye pindo la baibui
na bahasha ya kaki kaikumbatia kama mtoto mwenye homa.

Machapisho? Mawili.
Ya kimataifa? Moja, nalo lingali njiani.
Kalamu zikashuka kwenye fomu, zikainuka upesi.
"Basi tueleze," akasema Dokta Kilasara, akimenya chungwa la Muheza,
"utawafundisha nini vijana ambacho hakimo vitabuni?"

Akasema:
Babu yangu alipanda minazi saba.
Shamba likauzwa. Minazi haikuuzwa.
Kwetu ardhi yaweza kuwa ya mmoja na mti wa mwingine,
na wawili hao wakaamkiana kila asubuhi.
Mjomba Mbwana akapanda, mchana kweupe,
akaangua nazi thelathini na mbili, akaziita kwa hesabu.
Mahakamani akasema kwa Kidigo: kuhala.
Karani, kijana wa mbali, mwenye haraka ya chakula,
akaandika: kuiba.

Kuhala ni kutwaa tu. Neno halina usiku ndani yake.

Miezi sita, Maweni.
Mjomba alitoka. Kikohozi hakikumtoka.

"Na kifungu kipo," akasema, sasa taratibu,
"dai la haki, kwa nia njema. Kimo vitabuni, kurasa za mwanzo.
Kilichokosekana ni mtu mmoja mle chumbani
wa kulisikia neno.
Huyo ndiye ninayetaka kumfundisha:
hakimu yule, kabla hajawa hakimu."

Feni ikazunguka. Ganda la chungwa likaanguka.
Mwenyekiti akanigeukia:
"Hiyo usiiandike, Bi Mwanjaa. Ni habari ya kifamilia."

Sikuandika.
Mimi ni Mbondei wa Magila, na ofisi naijua.
Miaka kumi na tisa napiga chapa majina
ya watu wanaokuja kutufundisha sisi ni akina nani.
Fomu ya alama ina safu tano:
shahada, machapisho, uzoefu, Kiingereza, mwonekano.
Niliitafuta ya sita, nyuma ya karatasi,
kama mtu anayetafuta sarafu chini ya kitanda.
Nikaitazama ile mizani pembeni,
ilivyopima kila kitu
isipokuwa mkono uliokata.

Jioni nikachapa. Kwenye Mengineyo, chini kabisa,
baada ya suala la choo cha wageni,
nikaongeza mstari: Nazi thelathini na mbili.
Wakatia saini wote watatu.
Hakuna asomaye Mengineyo.

Juma la tatu faili likarudi.
Mstari ule umezungushiwa wino mwekundu:
Nazi zipi? Fafanua.

Profesa ananitazama. Mimi naitazama simu.
Namba ya Moa nilikwisha kuihifadhi.
"Mimi mwandishi tu, Profesa," nasema.
"Aje afafanue mwenyewe.
Atahitaji muda wa kutosha.
Tuseme muhula, kwa kuanzia."