Daftari la Mdakaji

Hesabu niliiandika nyuma ya daftari la hisabati,
kurasa ambazo Mwalimu Semboja hakagui.
Kushoto shule. Kulia klabu.
Katikati mstari, kwa rula.

Jumatatu, shule: sitini na nane.
Jumatatu, klabu: hamsini na tano.
Anayerusha ni Mejumaa, anayedaka ni mimi.
Kila mpira uliotoka mkononi mwake umepita kiganjani mwangu,
kwa hiyo nisibishiwe.

Zamani ilikuwa rede tu, pale Makorora,
chupa, mchanga, mpira wa soksi kuukuu,
na hata hapo hukai kati Mejumaa akikulenga:
unasikia upepo sikioni, kisha aibu.
Ndipo mwalimu akaja na gongo na glavu katika mfuko wa sandarusi,
akasema hii ni softiboli, mkono unapita chini,
unazunguka kama gurudumu la baiskeli iliyopinduliwa.

Mwalimu anatufundisha saa tisa,
jua la Tanga likiwa bado linamdai mtu.
Kwake wote tunacheza, hata Biasha anayefumba macho mpira ukija.
Anataka kombe la mkoa, likae ofisini kwa mkuu
karibu na saa iliyosimama.
"Kaza! Mwezi wa sita si mbali."
Mwezi wa sita ukipita, gongo linafungiwa stoo na majembe,
naye anarudi kwenye desimali zake.

Kocha Mwanakombo ni fundi cherehani, Ngamiani.
Mia tano kwa wiki; asiye nayo anaokota mipira.
Yeye hana mwezi wa sita. Mwaka mzima, saa kumi na moja,
kiwanja cha vumbi nyuma ya ghala la mkonge,
futi ya kupimia shingoni kama aliyesahau kuivua.
"Nguvu za nini? Legeza kiwiko. Mpira hausukumwi, unaagwa."
Anapima hatua ya Mejumaa. Inchi thelathini na nane.
Rudia. Rudia.

Shuleni akilegeza, amekuwa mvivu.
Klabuni akikaza, hayo ya shule kayaache getini.
Na kila mmoja anasema: huyu mtoto nilimwona mimi.
Mimi nilimwona darasa la pili.

Njia mbili zilimshinda fisi, wanasema.
Lakini fisi alikuwa na miguu minne ya kugawa.
Mejumaa ana bega moja.

Alhamisi, shule: sabini na moja.
Alhamisi, klabu: sitini.
Usiku ule mkono haukufika kichwani; nikamfumua nywele mimi.
"Usiseme. Ataniacha."
Nani?
"Yeyote."

Sikusema. Nilichukua wembe wa kuchongea penseli
nikakata kamba ya glavu ya kudakia, ile moja tuliyo nayo,
iliyotoka shule kwenda klabu ndani ya begi langu,
kitu pekee walichochangia bila kusalimiana.

Bila kudaka hakuna kurusha.
Mwalimu akasema klabu wameichakaza.
Kocha akasema shule hawajui kutunza ngozi.
Siku ya nne mwalimu akaipeleka mwenyewe,
maana nani mwingine angeishona?
Alikaa benchi la wateja, kati ya sare na mashela.
Waliongea nini sijui, nilikuwa nje nimeshika baiskeli yake.
Daftari nililisahau ndani ya glavu,
kama mtu anavyosahau.

Siku ya kumi glavu ilirudi, mshono mweupe, mgumu.
Daftari pia. Hakuna aliyenisemesha.
Chini ya safu zile mbili, mstari mpya
kwa chaki ya cherehani,
na chini yake jumla, kwa wino mwekundu.

Kuhusu kiwiko bado wanabishana.

Leo Mejumaa amerusha ishirini.
Ya ishirini na moja aliitaka mwenyewe, ameshajipanga, mguu mbele.
Nikasimama. Nikavua glavu.