Saa Nane Mara Mbili

Jumapili ya mwisho ya Oktoba, usiku mkuu,
treni imesimama Olszanka, stesheni isiyo na hata kioski:
benchi moja, taa mbili,
na shamba la viazisukari lililotiwa chumvi na baridi.
Hatukuharibikiwa. Hakuna mti ulioangukia reli.
Tumesimama kwa amri.
Ikitimu saa tisa, itakuwa saa nane tena,
na treni ya Przemyśl hairuhusiwi kufika kabla ya saa yake.

Ndiyo kazi yangu usiku huu, kuyasema haya behewa kwa behewa,
kofia mkononi kama mleta tanzia.

Mzee Wincenty, fundi bomba mstaafu, hakulala hata kidogo.
"Machi wananikopa saa bila kuniuliza,
Oktoba wananirudishia bila riba.
Miaka arobaini! Benki gani hiyo?"
Mwalimu Halszka akavua miwani:
tubaki na saa ya kiangazi, basi, mwaka mzima,
watoto wapate jioni ya kuchezea mpira.
"Na Januari?" akadakia Gerwazy, tarishi wa Opole.
"Jua lichomoze karibu saa tatu,
uwapeleke shule gizani kama wezi wa kuku?"
Wakaanza. Kila mmoja na jua lake mfukoni.
Ulaya ilishapiga kura mambo haya yaishe,
kura ikalala kabatini, ikaota ukungu.
"Ati kuokoa mwanga," akasema Wincenty.
"Nani amewahi kuuona huo uliookolewa?
Uko ghala gani? Ufunguo anao nani?"
Kijana wa kompyuta akainua simu:
hii hujibadilisha yenyewe, mnagombania nini?
Hakujibiwa. Alipewa kipande cha keki ya mbegu za mpopi,
akanyamaza.

Wakati ukuta, nimesikia hivyo tangu utotoni.
Hakuna aliyenieleza kwamba ukuta una mlango wa uani
na kwamba nitakuwa bawabu wake
kwa mshahara wa zamu ya usiku.

Nafasi ya kumi na saba, dirishani, alikaa Ludwika, mwoka mikate,
unga bado kwenye mshono wa kiatu.
Hakuchangia. Aliponiona alinishika mkono wa koti:
"Hiyo saa mnayoirudisha
hamwezi kunipa mimi? Mkaendesha tu?
Mama yuko hospitali, Przemyśl. Kila mtu hapa
anasema hana kazi nayo."
Nikamweleza kanuni. Kanuni ni fupi, nilimaliza haraka mno.
Nikamletea chai ambayo hakuiomba.

Saa nane na dakika hamsini, ile ya pili,
simu yake ikalia.
Ubishi ukakatika kama umeme.
Alisikiliza, kisha akauliza,
kwa sauti ya mtu anayehesabu chenji:
"Saa nane na nusu ipi?
Ya kwanza au ya pili?"

Upande wa pili nesi akakaa kimya.
Nilisikia karatasi zikifunuliwa.
Kama ni ya kwanza, tulikuwa tukikimbia
na Ludwika amelalia begi lake.
Kama ni ya pili, tulikuwa hapa,
tukila keki, tukigawana jua.
Asingefika kwa vyovyote. Nilipiga hesabu,
nikapiga tena, jibu likawa lile lile,
na halikunifaa kitu.

Mwalimu Halszka alihamia kiti cha jirani.
Gerwazy akatoa leso, akakosa wa kumpa, akairudisha.
Dereva akapiga honi. Ilikuwa saa tisa, ya kweli sasa,
viazisukari vikaanza kurudi nyuma dirishani.

Fomu ya safari ina kisanduku: *Dakika za kuchelewa.*
Nikaandika kama kanuni inavyotaka: sifuri.
Wino ulikuwa umeganda kwa baridi,
ikanibidi niiandike mara mbili.