Hiyo Ina Nyama

Ilianza kulia Isyonje, ukungu haujaachia barabara:
sauti nyembamba, kama kisu juu ya sahani ya bati.
Nikadhani ni jiwe. Nikaongeza redio.
Kufika Igawilo kanyagio likanitetemekea mguuni,
na magunia kumi ya viazi nyuma yangu
yakasogea mbele, kama watu wanaotaka kusikia vizuri.

Fundi Ambakisye hakunipa pole.
Alifungua tairi la kushoto, akapitisha ukucha
ukingoni mwa diski, pale chuma kilipolika
kikabakiza mdomo kama wa chungu.
"Mama Subi, hapa hakuna cha kuchonga.
Nikiichonga hii nitakurudishia sinia la chai."
Pedi moja ilikuwa imebaki bati tupu.
Nimeshuka mara ngapi, chuma juu ya chuma,
mwanangu kiti cha mbele akila muhogo?

Mwanjelwa, dukani kwa Tweve.
Boksi la kwanza linang'aa kuliko pete ya harusi,
bei yake magunia mawili.
La pili limefifia, kona imebonyea: magunia sita.
Za tatu hazina boksi, zimeviringishwa gazeti
la herufi nisizozijua.
"Mtumba wa Japani, mama. Hizi hazijaonja vumbi."
Vumbi sawa. Zimeonja nini?
Gari lililozivaa lilisimama wapi,
na lilisimamishwa na nini?
Tweve akacheka, akaanza kupanga plagi
zilizokuwa tayari zimepangwa.

Mimi ni mtu wa mizani.
Miaka kumi na moja nabishana na wanunuzi wa lumbesa,
najua gunia linavyovimbishwa kichwa
na bado likaitwa moja.
Nikabeba diski mbili, moja kila kwapa,
nikavuka mtaro hadi kwa muuza maharage.
Ile inayong'aa: kilo saba kasorobo.
Ile ya kona iliyobonyea: nane na nusu,
mshale ukatulia hapo, haukuchezacheza.
Muuza maharage, ambaye hana hata baiskeli,
akasema, "Hiyo ina nyama."

Ambakisye alinionya kwa simu:
uzito si kila kitu, feki nazo hujua kunenepa.
Najua. Lakini kwapa langu lilikuwa limeshaamua,
na hela ya mbolea ilikuwa kwenye kitenge.
Nikaihesabu mara mbili, ya pili polepole,
kana kwamba ingeongezeka.
Msimu huu matuta ya juu yatakuwa ya njano
na shemeji zangu watapita wakiguna.

Kwenye pedi ndiko nilikoyumba.
Kuna laini, kimya, za watu wa tambarare.
Kuna ngumu zenye unga wa chuma:
asubuhi ya baridi hupiga kelele mpaka mbwa waamke,
ila mteremkoni, mzigo ukiwa juu, haziishiwi pumzi.
Nikachukua zenye kelele.
Niliolewa Uporoto, kwenye nyumba ya dada saba;
kelele siyo kitu cha kunitisha.

Fundi akazifuta mafuta ya kiwandani kwa petroli,
akafunga, akanawa kwa mchanga, akasema:
"Wiki nzima usikanyage kwa hasira.
Kanyaga, achia. Kanyaga, achia.
Diski na pedi ni wageni hao,
waache wapeane mikono kwanza."

Basi tukashuka hivyo, gari tupu, jioni,
mimi nikikanyaga na kuachia,
Subilaga akihesabu kwa sauti,
akikosea kila akifika kumi na tisa.
Lori la mbao likatupita likipiga honi.
Likatangulia.

Diski za zamani sikuziuza kwa wa vyuma chakavu.
Zimekaa juu ya turubai la mbegu, nyuma ya jiko,
upepo wa usiku ukija haulifunui.
Ile ya kushoto bado ina mdomo wake.
Nikipita na ndoo naugusa kwa ukucha,
halafu naendelea na maji yangu.