Ripoti ya Gari la Milango Miwili

Mama Jerotich, ulinituma nikalikague
kabla hujatoa hata shilingi ya heshima.
Nililikuta Kiamunyi, chini ya turubai la kijani,
refu kuliko hoja ya wakili,
jeusi, milango miwili tu,
na Bwana Githaiga kando yake
akilipapasa boneti kama shingo ya fahali wa maonyesho.

Nianze na mabaya, ndiyo kazi unayonilipia.

Mlango mmoja una urefu wa kitanda cha mtoto.
Pale sokoni, magari yakibanana,
utaufungua shibiri moja, kisha utafakari.
Nyuma kuna viti viwili vya jina.
Nilimkalisha Barasa, kijana wangu wa spana;
magoti yakamfika kidevuni,
akauliza amekosa nini.
Mikanda ya huko ingali na nailoni ya kiwandani.
Miaka kumi na mmoja, hakuna aliyealikwa.

Silinda ni nane. Petroli hailambi, inagugumia.
Springi zake ni za hewa:
liache usiku, asubuhi limechuchumaa upande wa kushoto.
Springi moja, bei yake ni mtamba mwenye mimba
(nimekupigia hesabu kwa lugha yako).
Barabara ya Njoro tulihesabu matuta kumi na manne.
Tisa yalilikwaruza tumbo.

Sasa uongo.
Bwana Githaiga aliapa kwamba limelala Nairobi,
gereji ya saruji, mlinzi usiku na mchana.
Nikafungua kichujio cha hewa:
makapi ya ngano, konzi nzima,
na unyoya wa kuku.
Sikusema neno. Nilimpa unyoya aushike.

Akaugeuzageuza.
"Lilikuwa la mzee," akasema.
"Mau Narok, ndani ya ghala. Barabara ya kule haikulitaka.
Kila Jumapili aliliwasha, akapandisha vioo, akakaa.
Saa nzima.
Tulidhani anasikiliza redio."

Redio nimeikagua.
Haijawahi kutafutiwa stesheni hata moja.

Kwa hiyo kilomita ni za kweli, Mama: elfu kumi na tisa.
Mpira wa pedali ungali na meno.
Kiti cha dereva kimezama mahali pamoja,
cha abiria kimetuna, mkate usiokatwa.
Rangi nimeipima bati kwa bati, haijaguswa.
Ila injini imezeeka kwa saa, si kwa safari;
mipira yote ya maji ibadilishwe,
na matairi, hata kama kashata zinang'aa,
ni ya kutazama, si ya kuendea.

Ukiniuliza kama fundi: nunua pikapu.
Mitungi ya maziwa haiingii kwenye buti hii.
Na pale ushirika, wewe ukiwa mweka hazina,
siku ya kwanza tu watauliza hesabu.

Lakini sina budi kuandika na hili.
Baada ya Salgaa, kule malori yanakopanda yakikohoa,
nilikanyaga kidogo,
kama unavyomgusa mtu aliyelala.
Malori yakabaki nyuma bila kelele.
Barasa aliacha kulalamikia magoti.
Nilikuwa na karatasi pajani, nikitafuta kasoro ya pale mlimani,
nikafika Mau Summit
mstari ule ungali mtupu.

Jioni ulinipigia simu. Bei hukuiuliza.
Ulisema, "Fundi, ule mlango mrefu,
ukifungwa unalia vipi?"

Nikasogeza simu, nikaufunga.

Sikusikia hata pumzi yako.
Githaiga alikuwa ameshaugeukia ukuta,
unyoya bado mkononi.

"Funga tena," ukasema.