Kitunguu

Miaka tisa nililia jukwaani kwa kitunguu
nilichokificha kwenye kikunjo cha kanzu.
Watu wa Ng'ambo walilia nami, wao bila kitunguu.
Hilo ndilo lililonishusha.

Sasa nina chumba Kanyenye, nyuma ya duka la asali,
viti sita, kimoja mguu mfupi.
Huja Nyanzala, muuguzi: "Nifundishe
kumwambia mama kwamba mtoto hakuamka."
Huja Kashindye, mpima tumbaku,
hajasemezana na mwanawe tangu mauzo ya mwaka juzi.

Siwapi maneno.
Vuta kiti, nasema. Zima simu. Shusha mabega.
Taja jina lake, kisha nyamaza
mpaka umsikie anavyopumua.

Jana Kashindye alijaribu, mimi nikiwa mwanawe.
"Mihayo," akasema,
akakwama. Kidevu kikamtetemeka.
Nikautafuta mstari wangu,
zamani daima palikuwa na mstari,
nikakuta mdomo mtupu
na machozi, haya ya bure,
yasiyonuka chochote.

Huko stesheni treni ya Mpanda ikapiga honi.
Nyanzala, kwenye kile kiti kibovu,
aliacha kuyumba.