Moja, Moja, Moja

Kisanduku kiko nyuma ya taa ya kushoto,
cheusi, kifuniko chake kama cha kopo la ugoro.
Ndani mna kijiwaya kifupi, matundu sita, kitufe,
na kijitaa chekundu kisichozidi punje ya dengu.

Arjeplog, Februari, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Nimevua glavu ya kulia tu.
Kijiwaya, tundu la pili. Ufunguo, nusu.
Kitufe: bonyeza, achia.

Hivi ndivyo Volvo ya mwaka tisini na mbili inavyojuliwa hali.
Haina kioo cha kuandika maneno.
Inakukonyeza gizani, nawe uhesabu.

Moja.

Moja, mbili.

Moja, mbili... pua ikachuruzika, hesabu ikanipotea.
Nikabonyeza upya.
Moja-mbili-tatu.

Daftari la baba limo kwenye droo ya dashibodi,
limerowa grisi, limebanwa kwa mpira wa chupa ya jamu.
*Novemba 2009: 1-2-3. Nimesafisha waya.*
*Machi 2011: 1-2-3. Nimesafisha waya. Inatosha.*
*Januari* (mwaka hakuandika): *1-2-3. Inadanganya.*

Haidanganyi, baba.
Ni kihisi cha joto la maji, kimeharibika,
kila saa kinaiambia injini kwamba nje kumeganda,
hata Julai, hata jua linapokesha juu ya ziwa
na mbu wanatutoa damu mpaka alfajiri.
Nayo injini inaamini. Inajimiminia petroli isiyoihitaji,
inatoa moshi mweusi mbele ya kanisa,
na wewe unafunga dirisha.

Ukurasa wa mwisho, kwa wino wa buluu:
*1-1-1 = hakuna hitilafu.*

Hiyo lugha naijua.
Kila Jumapili nilimpigia kutoka Umeå.
Hujambo? Sijambo.
Na kifua? Sijambo.
Unakula, baba? Sijambo, sijambo,
na nyuma ya sauti yake birika lilipiga mluzi
muda mrefu, hakuna aliyeinuka kuliondoa.
Sikujua waya nichomeke tundu lipi.

Ragnvald wa vipuri alikitoa kihisi rafu ya chini,
akakipuliza vumbi. Kroni mia mbili na arobaini.
"Evert alikuja kukiulizia bei mara tatu," akasema.
"Alikunywa kahawa, akaenda zake."

Nimekifunga mwenyewe. Maji ya rejeta yalinitiririkia
mpaka kwenye kiwiko, yakaganda kwenye sweta.
Kufuta kumbukumbu: shikilia kitufe sekunde tano,
ngoja taa iwake, shikilia tano nyingine.
Yote aliyowahi kuyalalamikia gari hili
yakafutika kabla kidole hakijafa ganzi.

Kisha nikaliuliza.

Moja.

Moja.

Moja.

Nikabonyeza tena.
Nyumbani kwetu jibu hilo
haliaminiwi mara ya kwanza.