Pete ya Kiuno

Paipu ilibaki fundi Lali alipounga tangi.
Nikaipinda, nikaiunga ncha, nikaizungushia leso iliyochakaa.
Daktari alisema: tembea. Nitembee wapi Mkomani,
mtaa mzima uniamkie na kuniuliza habari za sukari?

Nikapanda darini baada ya alasiri.

Mara ya kwanza ikaniangukia miguuni kama mwenye deni.
Ya pili ikamfukuza paka.
Ya tatu ikagonga ndoo, na Mwana Shee wa nyumba ya pili
akachungulia: "Dada, umepandwa?"

"Sijapandwa. Nimepanda mwenyewe."

Kiuno hakisahau. Kilijua chakacha
kabla ya goti kujua kuuma,
kabla ya watoto watano na mikate ya sinia.
Kikashika. Pete ikavuma, fuu, fuu,
kumi na moja, kumi na mbili,
jasho likitambaa mgongoni,
kicheko kikinikata pumzi.

Mwana Shee keshapita wikioni, yuko mlangoni anahema,
miaka sitini na mbili, leso kaifunga kibwebwe.
"Nipishe," asema, "nipishe nami, maghribi haijaingia."

Kesho Lali atauliza paipu yake ilikwenda wapi.